Kificho Hakufichwa

Shumba Mjini,
Micheweni, Pemba.
Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa mwanangu Kauthar,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu wewe, namsalimu mwenzio Abrahman, na huyo mgeni wetu Masoud nambusu paji la uso kwa mbali mpaka siku nitakapombusu kwa karibu. Hujambo mama? Mwili umerudi? Mgongo umeacha kuuma? Maziwa yanatoka? Nauliza kama anavyouliza shangazi, kwa hiyo usione haya kunijibu. Na hiyo baridi ya Odense, nasikia mwezi huu ndiyo yenyewe. Vaa soksi hata ndani ya nyumba. Mzazi haachi baridi impandie miguuni.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Jua kali, kisima cha nyuma kimeshuka lakini maji yapo, na kila nyumba mazungumzo ni Ramadhani inayokuja. Goti langu linanikumbusha umri kila ninapoinuka kwenye mkeka. Mwanangu Yumna ameolewa, hilo nitakusimulia, maana ndimo ilimo habari yenyewe.

Siku ile uliponipigia ukalia, nilibaki nimeshika simu tu. Nikasema pole, nikasema Mungu mkubwa, mtandao ukakatika. Tangu hapo sina raha. Ninayotaka kukwambia hayataki simu, yanataka mtu akae chini. Basi nimekaa chini.

Uliniuliza, "Shangazi, ami Kificho aliishije?" Aliishije! Ulivyouliza utadhani tumeshamsomea hitma. Ami yako yupo, Kauthar. Saa hii ninapoandika yuko uani anagombana na jogoo wa jirani aliyeingia kwenye mpunga wetu ulioanikwa, na kwa ninavyosikia, jogoo anashinda.

Najua hukukusudia ubaya. Uliondoka hapa hata meno ya utoto hayajakung'oka, na marehemu baba yako Haroub kila akianza kumtaja mdogo wake huko ugenini, ninavyojua mimi, alikuwa akishindwa kumaliza. Kwa hiyo nitakueleza tangu mwanzo, na sitapaka sukari palipo na chumvi.

Jina lake lilikuwepo kabla yake. Babu yako Mzee Othman alishasema, akija mwanamume ataitwa Kificho, jina la baba yake yeye mzee. Akaja mwanamume. Wazee wa kike wakamtazama macho, wakamtazama shingo na vidole, kisha wakatazamana wao kwa wao. Wakati ule hatukuwa na jina la hali ile. Hilo neno Down walilokwambia juu ya Masoud mimi nililisikia kwa daktari baadaye sana, na lilikuja Kificho ameshaota ndevu. Jirani mmoja, mtu mzima, wala hakuwa mbaya, akamwambia bibi yako kwa huruma kabisa, "Masika, Mungu kakuonyesha kwa jina lake. Mfiche huyu, watu wasije wakakucheka."

Bibi yako akajibu, "Jina ni la babu yake. Si amri."

Usidhani lakini kwamba Bi Masika alikuwa jiwe. Alilia. Alilia akipika akasingizia moshi, alilia akikuna nazi, na hakuna aliyemuuliza nazi ina moshi gani. Mtoto ulimi ulikuwa mzito, ziwa linamponyoka. Akamkamulia kwenye kijiko, tone baada ya tone, na akichoka yeye anapokea Bi Rahma, dada yake babu yako, aliyekuwa akija kutoka Kiuyu akikaa nasi siku nyingi, anarudi kwake, anakuja tena. Nadhani nusu ya maziwa aliyokunywa Kificho yalipitia mkononi mwa Bi Rahma.

Arubaini ilipokwisha, bibi yako akamkogesha mwanawe, akamtia wanja, akampaka mafuta ya nazi mpaka akang'aa, akamfunga mgongoni kwa kanga na kutoka. Akaenda naye kisimani. Akaenda naye dukani, hana hata cha kununua. Akaenda naye maulidini akakaa mbele. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa nikimfuata nyuma na ndoo, nikiona watu wanavyotazama, nikamwambia mama, watu wanatutazama. Akasema, "Watazame. Mtu akitazama sana hushiba." Na kweli walishiba. Baada ya muda wakawa wanamuuliza, leo mbona hukuja na Kificho?

Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, na alichelewa kusema. Alipoanza kutembea hakukaa tena. Skuli alikwenda, mwalimu alimpenda akamweka karibu naye, lakini hesabu na kusoma havikuingia. Aliondoka na herufi moja, K, anaiandika kubwa na nzuri, na kwake yatosha. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alihifadhi Alhamdu. Anaisoma kwa ulimi wake mzito, na akiisoma watu hunyamaza.

Watoto walimwiga sauti, sikufichi. Baba yako alikuwa akirudi skuli shati limechanika bega kwa kupigana kwa ajili yake, na bibi yako akilishona huku akimgombeza kwa mdomo na kumwekea kipande kikubwa cha samaki kwa mkono. Na moyo wake una tundu. Daktari wa Unguja alituambia akiwa mtu mzima tayari, akampa dawa. Akipanda mlima wa kwenda shamba hukaa chini katikati, anasema mlima umechoka. Kuna miaka kifua kilimbana tukadhani tunaye leo tu. Haya yote ni kweli, uyajue.

Lakini wewe uliniuliza aliishije, na mimi nakwambia anavyoishi.

Hapa kwetu, kama ulivyosikia, arusi haialikwi kwa karatasi. Anatumwa mtu, anapita nyumba kwa nyumba, anaita kwa mdomo. Nyumba ikirukwa hapo ndipo pa kuvunjikia udugu. Mwaka mmoja mtu aliyekuwa apeleke mwaliko wa jirani yetu aliamka na homa. Bibi yako akasema, "Mtumeni Kificho. Hakuna mlango asioujua." Watu wakaguna, lakini hakukuwa na mwingine. Akaenda. Siku ilipofika wakaja arusini watu ambao hata wenyeji walikuwa wamewasahau, akiwemo bibi kizee mmoja wa mwisho wa kijiji, wa nyumba ya makuti, aliyekuwa hajaitwa na mtu tangu afiwe na mumewe. Alikuja amevaa kanga mpya na machozi yamemjaa.

Tangu siku ile Kificho ndiye mwalikaji wa Shumba. Anasimama mlangoni, anavua viatu hata kama haingii, anaweka mkono kifuani, anaanza: fulani anakusalimuni, anakualikeni, siku fulani, baada ya sala fulani, njooni nyote na watoto. Ukimkatiza ukasema, "Basi Kificho, nimesikia," anarudi mwanzo. Kwa hiyo hakatizwi. Wageni wasiomzoea hawamwelewi mara ya kwanza. Anarudia, hana haraka. Na mtu akitaka kuoza mwanawe siku hizi, kabla ya kuuliza bei ya mchele, anakuja kwangu kuuliza kama Kificho ana nafasi.

Usimfanye malaika, lakini. Anaiba kwenye karata, na ukimkamata anasema wewe ndiye hukuangalia vizuri. Chai yake ni sukari iliyotiwa maji. Akinuna hasemi na mtu kuanzia asubuhi mpaka harufu ya chapati. Na ngoma ya msewe ikipigwa, hata uwe umemfunga kamba, atakwenda kujifunga njuga miguuni aingie kati, na anacheza vizuri kuliko wengi, isipokuwa anataka watu wote wamwangalie yeye tu.

Sasa nije kwenye arusi ya Yumna.

Labda baba yako alikwambia, labda hakukwambia. Babu yako alipofariki, lile shamba la mikarafuu la Konde lilituingizia maneno. Sisi tulisema hivi, wenzetu wa Kiuyu, yaani Bi Rahma na mwanawe Duni, wakasema vile. Maneno yakapanda. Mwisho hatukutembeleana tena. Idi ikipita, kimya. Mtu akiugua, tunasikia kwa watu wa sokoni. Bibi yako Masika alipofariki, Bi Rahma alikuja na Duni, wakakaa nyuma kabisa, wakazika, wakaondoka bila kula. Wewe ni mtoto wa Kipemba, unajua maana ya mtu kuondoka matangani bila kula.

Ilipokaribia arusi, nikamweka Kificho chini nikampa nyumba zake. Shumba yote, nikamwambia, na jamaa zetu wa Konde. Bwana arusi ni kijana wa Wesha, wenyewe wataalika kwao. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Na Shangazi Rahma?"

Nikasema, "Hao hatuwaaliki."

"Kwa nini?"

"Tumenuniana, Kificho. Unajua."

"Najua mumenuniana," akasema. "Mimi sikununa."

Nikacheka kidogo, nikaondoka kwenda kuangalia mchele. Sikulitia maanani. Alipita Shumba yote, akapita Konde, kazi safi kama kawaida yake. Jumanne yake asubuhi akavaa shati lake jeupe, akaniaga. Nikamuuliza, "Wenda wapi?" Akasema, "Kualika." Nikadhani kuna nyumba imebaki.

Adhuhuri ikafika, Kificho hakuja kula. Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Kwa Kificho ni jambo. Nikamtuma Yumna kuuliza majirani, bibi arusi mzima na hina mikononi! Kila nyumba ikasema, mbona alishapita zamani?  Nikafikiria jua lile, nikafikiria moyo wake, nikafikiria pwani maji yalivyojaa. Wakamtangaza msikitini. Wanaume wakaacha kujenga banda, wengine wakashika njia ya pwani, wengine ya mashamba, vijana wakapanda baiskeli na pikipiki. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaacha sinia zimekaa wazi kuku wanakula, na hakuna aliyemfukuza kuku. Yule bibi kizee wa mwisho wa kijiji, Kauthar, asiyeona vizuri, alitoka na fimbo yake akawa anapita kwenye vichaka akiita, "Kificho! Kificho baba!" Nilimwona nikashindwa kujizuia.

Kijana mmoja akarudi kutoka Konde na habari kwamba ameonekana akipanda gari ya Micheweni. Utingo hakumuuliza kitu, maana wote wanamjua, na alidhani yuko na mtu. Kificho alikuwa hajawahi kupanda gari peke yake. Hata mara moja.

Nilikuwa nimekaa kizingitini, watu wamenizunguka, simu ikalia. Namba siijui.

"Mwatima?"

"Naam, nani mwenzangu?"

"Duni."

 Miaka yote ile, na sauti yake ni ileile ya utotoni, ya mtu aliyekula ubuyu.

"Yuko hapa," akasema. "Mzima. Amekula, amelala."

Sasa, Kauthar, katika maneno yote ambayo mtu angeweza kusema, mimi lililonitoka ni, "Amekula nini?"

"Pweza."

"Pweza humsumbua tumbo, Duni!"

"Tumemwambia. Amekula sahani ya pili."

Nikamsikia anacheka. Nami nikacheka, machozi yananitoka, watu walionizunguka hawajui kama wacheke au walie.

Baadaye Bi Rahma alinisimulia ilivyokuwa. Alikuwa ufukweni anaanika mwani, akaona mtu anakuja mchangani na viatu mkononi, shati jeupe limelowa jasho, anapumzika, anatembea, anapumzika. Alipomjua akaangusha mwani wote. Kificho hakumkimbilia. Alisimama mbele yake, akaweka mkono kifuani, akaanza kama anavyoanza kila mlango: Mwatima anakusalimuni, anakualikeni arusi ya mwanawe Yumna, Ijumaa, baada ya sala, njooni nyote na watoto. Akasema mpaka mwisho. Bi Rahma akamuuliza, "Mwatima kakutuma?" Na huyu mtu wa kuiba karata, siku hiyo hakuweza kusema uongo. Akasema, "Hapana. Nimejituma." Bi Rahma akamuuliza tena, "Na nikija wakinikalia kimya?" Akasema, "Utakaa na mimi. Mimi nina mkeka."

Nirudi kwenye simu. Duni akampa mama yake. Bi Rahma hakunisalimu kwa mzunguko. Alisema, "Mwatima, huyu mtoto kaja kunialika. Nimemuuliza kama umemtuma wewe, kasema hukumtuma. Sasa nakuuliza wewe mwenye arusi. Mimi nimealikwa au sikualikwa?"

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Simu yangu hii sauti yake kubwa, kila mtu alisikia. Walikuwepo wazee waliokuwa upande wetu katika ule ugomvi, walikuwepo waliokuwa wameapa mbele yangu kwamba Kiuyu hawatakanyaga. Nikawaangalia. Hakuna aliyenisaidia hata kwa jicho. Yumna ndiye aliyekuja akanikalia karibu, akaniwekea mkono wa hina gotini.

Nikasema, "Shangazi, umealikwa. Mwalikaji wetu hakosei nyumba."

 Bi Rahma akasema, "Basi huyu hatumrudishi leo. Tutakuja naye."

Na walikuja, mwanangu! Ijumaa, watu wanatoka msikitini, tukasikia vigelegele kabla hatujaona gari. Fuso ndogo imejaa mpaka pembeni, Kiuyu yote imo, wanawake wanaimba, magunia ya nazi, kuku, na pweza mkavu wa kutosha kulisha kambi. Na mbele, karibu na dereva, amekaa Kificho, ameshika dirisha, anawaonyesha watu sisi kana kwamba sisi ndio wageni. Duni akashuka kwanza, akasimama. Mimi nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, yote yakapotea. Nikamshika mkono tu nikamwambia, "Umenenepa." Akasema, "Na wewe umezeeka." Ikawa ndiyo suluhu yetu.

Bi Rahma tukamteremsha taratibu. Akatazama uwanja, akatazama safu ya wanawake wanaomtazama, naye akasita. Kificho akaja na mkeka kwapani. Akautandika pale katikati, karibu na jukwaa la bibi arusi, mahali ambapo hata mimi mwenye shughuli sikuthubutu kukaa. Akamkalisha shangazi yake, akakaa naye. Mmoja wa wale walioapa kwamba Kiuyu hawatakanyaga ndiye aliyeinuka wa kwanza kumpelekea sahani ya pilau. Bi Rahma akala. Kila mtu alijifanya haangalii, na kila mtu aliangalia. Alikula akamaliza, akaomba achari.

Baada ya hapo arusi ilikuwa ya wote. Msewe ulipigwa, Kificho akajifunga njuga, akaingia kati na Duni, mtu mzima yule na kitambi chake, wakacheza mpaka Bi Rahma akaenda kumtoa Kificho kwa sikio, anasema moyo una tundu huo si ngoma. Yumna alicheka mpaka wanja ukamshuka, na wala haikuwa neno, alizidi kupendeza.

Nisikudanganye kuhusu mikarafuu. Bado ipo, na maneno yake bado yapo. Lakini sasa tunayasema tukiwa tumekaa sahani moja, na ukisema neno kali huku mwenzio anakuchagulia mnofu, neno halifiki mbali.

Sasa nakugeukia wewe, Kauthar. Uliniambia picha ya Masoud umenitumia mimi peke yangu. Uliniambia mwenzio Abrahman anataka kuwaita jamaa wa huko waje kumwona mtoto, wewe unasema bado, bado. Uliniambia ukitoka naye unashusha kifuniko cha kigari. Mwanangu, lia. Lia na uvisingizie vitunguu. Sitakukataza kile alichokifanya bibi yako. Lakini ukimaliza kulia, mkogeshe mwanao, mpake mafuta, mtoe. Wapo watakaotazama. Watashiba.

Mpeleke kwa madaktari wa moyo mapema, usingoje kama tulivyongoja sisi kwa kutojua. Ziwa likimponyoka, usijilaumu wewe wala yeye, tumia kijiko. Zungumza naye sana, hata akiwa hajibu. Akichelewa kukaa, mngoje. Na kuna siku utachoka mpaka uone huwezi. Mimi nimekaa na Kificho tangu bibi yako aondoke, na zipo siku namwambia Mungu, leo mchukue wewe kidogo nipumzike. Kisha naamka nakuta ameshaniwekea maji ya kutawadhia, kamwaga nusu njiani, nyumba nzima imelowa. Sikuahidi kwamba itakuwa rahisi. Nakuahidi kwamba hutakuwa mtu wa kuhurumiwa. Hapa Shumba hakuna anayetuhurumia, wanatuonea wivu.

Bi Rahma amenituma nikwambie kwamba mkono wake bado haujasahau kijiko, na kama tiketi si mlima, yuko tayari kuja kukaa nawe siku nyingi kama alivyokaa na bibi yako. Nimemwambia kuna theluji. Amesema ataianika.

Barua hii anaichukua Msellem, mpwa wa mume wangu, anarudi huko wiki hii. Amebeba pia karafuu, mchele wetu wa shamba, na mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe kwa ajili ya mtoto. Na kuna bahasha nyingine, ambayo lazima nikueleze usije ukaishangaa.

Juzi nilimwonyesha Kificho picha ya Masoud. Niliogopa kidogo, sijui kwa nini. Nikamwambia, huyu ni mtoto wa Kauthar, mjukuu wa Haroub, wewe ni babu yake sasa. Akaichukua simu, akaiweka karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu. Akamgusa mtoto kidole kwenye macho, akagusa kwenye pua. Nikangoja aseme neno. Akasema, "Hana kofia."

Akaingia chumbani kwake nikasikia anafungua sanduku. Akatoka na kofia yake ya viua, ile iliyotariziwa kwa mkono, aliyoshonewa na bibi yako, anayoivaa Idi na Idi tu. Akaniambia, mpelekee. Nikamwambia, "Kificho, hii ya mtu mzima. Kichwa cha mtoto kidogo hivi, itamshuka mpaka mabegani."

Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua mambo ya dunia.

"Atakua," akasema.

Basi ndiyo hiyo, ipo kwenye bahasha. Iweke pakavu.

Anakusalimu Yumna na mumewe, anakusalimu Duni na watu wote wa Kiuyu, anakusalimu Bi Rahma mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa mapenzi. Shumba nzima inakusalimu, maana habari za Masoud zimeshapita kila mlango, na unajua zimepitishwa na nani. Mungu amkuze Masoud katika afya na imani, awape wewe na Abrahman subira isiyoisha na furaha inayoipita subira, na atukutanishe katika uwanja huu huu tungali na macho ya kuonana. Amin.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye kwa moyo wangu na kwa fungu la baba yako,

Mwatima Othman